Nipe Mji: Ukikwama, Ung'ang'ane au Uombe Dokezo?

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana wa Kisumu Ndogo, Malindi, baada ya Swala ya Alasiri)



Kila sifa njema zamstahiki Allah (S.W.T.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Vijana wenzangu, dada zangu, na wazazi wetu mliotuheshimu kwa kuhudhuria. Najua wengine mlipoisikia mada ya leo mlitazamana. Ramadhani yote hii, mtu anasimama kuzungumzia gemu? Fadhila za mwezi huu masheikh wetu wameshatueleza, na wanaendelea kutueleza vizuri kuniliko. Mimi nimeombwa niwasemeshe vijana juu ya jambo wanalolifanya kila siku, na hasa mwezi huu. Baina ya Alasiri na Magharibi pitia vibanda vya PlayStation uone vilivyojaa. Ukiwauliza watakwambia wanavusha saumu.

Sikuja kuhalalisha wala kuharamisha. Hilo lina wenyewe, waulizwe. Nimekuja na swali moja tu: unapokwama kwenye gemu ngumu, bosi amekupiga mara kumi, mlango haufunguki, ufanye nini? Ung'ang'ane mpaka upite mwenyewe, au utoe simu uangalie mwenzio alipitaje?

Utasema hilo ni swali la mchezo. Ngoja kidogo. Nitakuonyesha linavyotoka kibandani likaingia darasani, na hata msikitini.

TUSICHANGANYE MAMBO MATATU

Mara nyingi tunabishana kwa sababu tumeyaita mambo matatu kwa jina moja. Iko chiti, liko dokezo, na liko jibu zima.

Chiti ni kuvunja sheria za mchezo. Waliocheza PlayStation 2 wanaijua San Andreas, iliyotoka mwaka 2004. Siisifu, ina mengi yasiyomfaa Muislamu, lakini tusijifanye hatuijui. Vijana walikuwa na karatasi za daftari zilizoandikwa vitufe vya kubonyeza, kimoja baada ya kingine. Ukivibonyeza sawasawa unajaziwa uhai, unavishwa kinga, na unapewa dola 250,000 za mchezo. Imo chiti nyingine inayowafanya wapita njia wote wazue ghasia. Hiyo ukiiweka kisha ukahifadhi mchezo wako, haitoki tena. Mji mzima utakuwa fujo mpaka uanze upya. Mtu aliitaka raha ya dakika tano, akaharibu kazi yake ya wiki tatu.

Na mjue chiti iliyo mashuhuri kuliko zote ilitoka wapi. Mwaka 1986 Mjapani mmoja, Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alikuwa akiitayarisha gemu ya Gradius ichezwe kwenye mashine ya Nintendo. Gemu ikawa ngumu hata yeye mwenyewe haimalizi, na kazi yake ni kuijaribu. Akajiwekea mpangilio wa siri wa vitufe, akiubonyeza anapata silaha zote. Mpangilio ule ukasahauliwa ndani, gemu ikauzwa nao, na dunia nzima ikaujua. Kwake yeye kilikuwa chombo cha kazi. Alikuwa hajidanganyi kwamba ameshinda.

Dokezo ni jambo jingine. Dokezo linakuelekeza upande wa kutazama, kisha linakuachia macho utazame mwenyewe. "Umeangalia nyuma ya maporomoko ya maji?" Basi, linaishia hapo.

Jibu zima ni ile video inayokuonyesha kila hatua, geuka kulia, ruka, chukua ufunguo, fungua. Mikono ni yako, lakini aliyecheza ni mwingine. Wewe umekuwa karani wa kunakili.

WAZEE WETU WALILIJUA HILI

Tusidhani jambo hili limeletwa na umeme. Nani hapa hakukaa barazani jioni akasikia "Kitendawili!" na watoto wote wakaitika "Tega!"? Kinategwa, kila mtu anajaribu. Huyu anasema hili, yule anasema lile, watu wanacheka. Mkishindwa, je, mnapewa jibu hivi hivi? Hamupewi. Mtegaji anasema, "Nipeni mji." Mnatoa Mombasa, anaukataa. Mnatoa Lamu, anaupokea. Anasafiri mpaka Lamu, anakula huko, anatembea huko, anawasimulia na kuwatia hamu, kisha ndipo anakifumbua.

Tazameni hekima yake. Jibu lilikuwa na bei. Ilibidi ujaribu kwanza, kisha ukiri mbele ya watu kwamba umeshindwa, kisha utoe mji. Na bei ile ndiyo iliyolifanya jibu likae kichwani. Kile cha nyumba isiyo na mlango ulikisikia ukiwa na miaka mitano, na mpaka leo hujakisahau. Jibu uliloliona jana kwenye simu, je, unalikumbuka?

Wazungu nao waliligundua kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kimarekani ya Infocom, iliyotengeneza gemu za maandishi matupu kama Zork, ilikuwa na vitabu vya madokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana. Unapitisha kalamu maalumu juu ya mstari wa kwanza, linatokea dokezo jepesi. Hujatosheka, unapitisha mstari wa pili, linakuja lililo karibu zaidi. Mstari wa mwisho ndio jibu lenyewe. Kwa hiyo kila hatua unajiuliza, nipitishe kalamu tena au nijaribu kwanza? Nintendo nao, kwenye New Super Mario Bros. Wii ya mwaka 2009, waliweka hivi: ukifa mara 8 kwenye hatua moja, linatokea sanduku la kijani. Ukiligonga, Luigi anakuchezea hatua hiyo wewe ukitazama, na unaweza kumkatiza wakati wowote ukashika padi mwenyewe. Hesabuni, ni mara 8. Mji ulitolewa kwanza.

KITENDAWILI CHA MTUME (S.A.W.)

Na aliyekuja na njia hii kabla ya hao wote tunamjua. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba zake juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, na mfano wake ni kama mfano wa Muislamu. Ni mti gani? Watu wakapeleka fikra zao kwenye miti ya jangwani. Ibn Umar, naye mdogo kuliko wote pale, ikamjia moyoni kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema mbele ya wakubwa. Waliposhindwa wakamwomba Mtume awaambie, naye akawaambia ni mtende.

Sasa sikilizeni. Katika riwaya nyingine imetajwa kwamba wakati ule Mtume (S.A.W.) alikuwa ameletewa kichilema cha mtende. Yaani dokezo lilikuwa mbele ya macho yao! Hakuwaambia litazameni. Aliacha anayetazama aone.

Tunapata mambo mawili hapa. Kwanza, Mtume (S.A.W.) angeweza kuanza na jibu, asipoteze muda. Aliwauliza, akawapa alama mbili, akawaacha wafikiri. Pili, walipokwama kweli hakuwafungia mlango, walipoomba, aliwaambia. Kufikiri kulikuwa na wakati wake na kuambiwa kulikuwa na wakati wake.

KUNG'ANG'ANA KUNA FAIDA GANI?

Mwaka 1978 watafiti wawili, Slamecka na Graf, walichapisha majaribio yao. Kundi moja la watu lilipewa maneno mawili mawili walisome. Kundi la pili lilipewa neno la kwanza, na la pili likatolewa herufi ya mwanzo tu, walitafute wenyewe. Walipopimwa baadaye, maneno waliyoyatafuta yalikumbukwa zaidi kuliko yaliyosomwa tu.

Sisi wa madrasa hatukuhitaji kuambiwa. Si ndivyo maalimu anavyofanya? Unasoma hifdhi yako, unakwama katikati ya sura. Maalimu mwenye busara hakurukii. Ananyamaza, wewe unatokwa na jasho, unarudi aya ya nyuma, unakuja tena kwa kasi kama anayetaka kuruka mtaro. Ukishindwa anakutolea herufi moja. Herufi moja tu! Na aya nzima inafunguka. Aya uliyokwamia namna ile, ndiyo usiyokwamia tena.

Na nyinyi mnaopigana Tekken kila jioni, mnamjua Arslan Ash. Jina lake Arslan Siddique, kijana wa Lahore, Pakistani. Februari 2019 alikwenda Japani kwenye mashindano ya EVO, wengi hata hawamjui, akachukua ubingwa. Agosti mwaka huo huo akachukua na ule wa Las Vegas, Marekani. Watu wakauliza, huyu katokea wapi? Akawaambia kwao wako wengine wa kiwango kile kile. Walikuwa wamekaa kwenye vibanda vyao wakipigana wao kwa wao miaka na miaka, huyu akimfundisha yule kwa kumshinda. Mkorea mmoja, bingwa mkubwa ajulikanaye kwa jina la Knee, hakutosheka na kutazama video zao. Alifunga safari mwaka 2019 mpaka Pakistani apigane nao ana kwa ana. Kwa hiyo kung'ang'ana si lazima uwe peke yako chumbani. Mwenzako anayekushinda naye ni dokezo, ila hilo unalilipia kwa kushindwa.

LAKINI KUULIZA NAKO NI DINI

Hapa nawageukia wale wenye kiburi. Maana wako wanaosikia maneno haya wakasema, "Mimi siulizi mtu!" Usiku wa manane yuko pale pale, mlango ule ule, macho mekundu, bando limekwisha, na Isha imempita. Huyo anajiita mwenye subira. Subira gani hiyo iliyokupotezea swala? Subira ina akili ndani yake. Ikitoka akili, hubaki ukaidi.

Abu Daud amepokea habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, kisha akaota na kupasa kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana, na maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawalaumu kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, na akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza.

Kwa hiyo pimeni jambo lenyewe. Gemu ukikosea unaanza upya, hakuna aliyeumia. Lakini dawa ya mgonjwa, mirathi ya mayatima, hukumu ya dini, chombo kilicho baharini na kusi limechafuka, hayo si ya kujaribu mara 8. Hapo ukiwa hujui, uliza papo hapo, na kuuliza si ujinga.

Hata katika masomo, anayeanza kabisa anahitaji kuonyeshwa. Mwaka 1985 Sweller na Cooper, huko Australia, walionyesha kwamba wanafunzi wanaoanza aljebra hufaidika zaidi wakipewa kwanza mifano iliyokwisha fanywa waifuate, kuliko kutupiwa maswali wahangaike nayo. Ni kweli. Huwezi kumtegea kitendawili mtoto ambaye hajui maneno. Mpe zana kwanza, kisha umwache afanye kazi nazo.

Na ukitaka kuona mizani ya mambo haya, utaiona leo usiku kwenye Tarawehe. Imamu akikwama, maamuma hawamrukii. Tumefundishwa apewe nafasi arudie, huenda akakumbuka. Asipokumbuka anazinduliwa kwa neno, naye anaendelea mwenyewe. Hatumwachi asimame pale mpaka daku kwa kusema ajitegemee. Wala hatujaona maamuma akisogea mbele akamsukuma imamu kando kwa sababu amesahau neno moja.

KINACHOTISHA

Sasa nifike kwenye lililonileta. Gemu ni mazoezi. Anayezoea kufungua jibu kabla hajajaribu, siku moja mlango hautakuwa wa gemu.

Sote tunaijua mwakenya, ile karatasi ya kuingia nayo kwenye mtihani. Katika KCSE ya mwaka 2015 wizi ulikithiri, matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa, na Machi 2016 Waziri wa Elimu Fred Matiang'i akaivunja bodi ya baraza la mitihani. Mwaka 2015 waliopata alama ya A walizidi 2,600. Mwaka 2016, masharti yalipokazwa, walikuwa 141. Sisemi kila aliyepata A mwaka 2015 aliiba, hasha. Wako waliokesha, na hao ndio waliodhulumiwa zaidi, kwa sababu jasho lao limetiwa shaka pamoja na wizi wa wengine. Lakini jiulizeni, yule aliyenunua jibu alitoka na nini? Alitoka na cheti. Alipofika mbele ya kazi, au mbele ya mhadhiri chuo kikuu, hakukuwa na wa kumnong'oneza.

Na leo mtihani umekuwa mkubwa zaidi, maana tangu mwisho wa 2022 zimekuja programu za akili bandia. Unaandika swali, insha nzima inakuja. Mimi niko chuo kikuu, naona zinavyotumika. Yuko anayeandika insha yake mwenyewe, kisha akaiuliza ile programu imwonyeshe pengo liko wapi. Huyo ameomba dokezo. Yuko anayenakili mpaka nukta. Huyo amenyang'anywa akili yake naye anashukuru. Simu ni ile ile, na bando ni lile lile.

Wazazi, na nyinyi mna fungu lenu. Mtoto amekaa na hesabu, dakika mbili hajapata, kaka mkubwa anamnyang'anya kalamu: "Lete hapa, mbona rahisi!" Tangu ulipoanza mtaala wa CBC, ziko nyumba ambazo kazi ya mikono ya mtoto hufanywa na mama saa nne usiku, mtoto amelala. Tunafanya kwa mapenzi, lakini mtoto anasoma somo jingine kabisa. Anasoma kwamba akinyamaza kidogo, atafanyiwa.

TUFANYEJE BASI?

Nawaachia mambo matano, mepesi kuyashika.

1. Jiwekee idadi kabla hujaanza. Nintendo walisema mara 8. Wewe sema 5 au 10, lakini iwepo. Kabla ya idadi hiyo, simu ikae mfukoni.

2. Tofautisha kukwama na kuchoka. Mara nyingi usiku hupiti, asubuhi baada ya Alfajiri unapita mara ya kwanza. Akili ilitaka kupumzika, haikutaka jibu. Na wakati wa swala ukiingia, weka padi chini, bosi atakungoja.

3. Ukiomba, omba kidogo. Usimwambie mwenzio "Nionyeshe." Mwambie "Niangalie upande gani?" Na wewe unayeulizwa usijifanye fundi ukamshika mikono. Mpe herufi moja, kama maalimu.

4. Ukishapata jibu, funga ulikoliona, urudie mwenyewe tangu mwanzo. Gemu ni hivyo, hesabu ni hivyo, na hifdhi ni hivyo. Usiloweza kulirudia bila kutazama, hujalipata.

5. Penye haki ya mtu, uhai wa mtu au hukumu ya dini, usijaribu kwa kubahatisha. Uliza mwanzo, na umuulize anayejua.

Vijana wenzangu, mwezi huu wenyewe unatufundisha. Saa kumi na moja jioni koo limekauka, maji yako ndani ya mtungi, mlango umefungwa, hakuna anayekuona ila Mola wako. Hapo huna wa kukupa dokezo, na unaweza. Lakini mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa, wala hawaitwi wavivu. Nguvu ya kungoja na unyenyekevu wa kuomba ruhusa, vyote viwili vimo katika ibada moja. Tukivichukua vyote viwili mpaka kibandani, darasani na kazini, tutakuwa tumefunga kweli.

Leo baada ya futari, kabla ya Isha, watoto wakiwa wamekaa barazani, kaka na dada wakubwa wategeeni kitendawili kimoja. Wakishindwa, msiwape jibu haraka. Waambieni watoe mji.

Allah atujaalie tuwe wenye subira yenye akili, atuzidishie elimu yenye manufaa, na azikubali swaumu zetu na visimamo vyetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.